Kompyuta Ilivyoachana na TV ya Chogo

Anayetaka kuchezea gemu za miaka ya 1980 kwenye TV ya chogo, huku akitumia kompyuta ya leo, kwa kawaida huanza kwa kutafuta waya. Hununua kisanduku cha bei nafuu cha kugeuza picha, akachomeka, na picha ikatokea: inatetemeka, mistari myembamba inacheza, na mhusika anaruka baada ya kidole kwisha kubonyeza. Lawama huangukia TV kwa uzee wake, nayo haina kosa. Ukifuata historia utaona kwamba kilichopotea njiani ni idadi ya mistari na muda wa kuichora, na hayo hayarudishwi kwa kubadili tundu.

Kompyuta za nyumbani za mwanzo zilikuwa wapangaji wa televisheni. Apple II ya mwaka 1977 ilitoa rangi kwa kufuata mfumo wa TV za Marekani, na kadi ya CGA ya IBM, mwaka 1981, ilikuwa na tundu la kupeleka picha kwenye TV, kwani zote zilichora mistari 15,700 hivi kwa sekunde. Mwaka 1987 IBM ikaleta VGA, ambayo ilikwenda kasi maradufu, mistari 31,500 hivi kwa sekunde. Kwa mtu wa ofisini anayesoma maandishi kutwa nzima ulikuwa uamuzi wa busara, lakini TV ya kawaida haikuweza tena kuifuata kompyuta. Mashine za gemu kama Famicom ya 1983 na Mega Drive ya 1988 zilibaki na TV, tena kwa ujanja. TV ya Marekani au Japani huchora picha kwa awamu mbili, mistari ya witiri kisha ya shufwa. Mashine hizo ziliilazimisha irudie awamu moja mahali palepale, zikapata picha tulivu ya mistari isiyozidi 240, mara 60 kwa sekunde. Kisanduku cha bei nafuu hakijui ujanja huo. Hupokea mistari 480, hukata picha vipande viwili vya kupokezana, na ili kupunguza mtetemo huchanganya mistari jirani, kazi inayokilazimu kuhifadhi picha kwanza. Ndiyo maana kidole na macho havikutani.

Dawa ni kuifanya kadi ya picha yenyewe itoe mistari 240 kwa kasi ya TV, jambo ambalo programu ya CRT Emudriver huliwezesha kwa baadhi ya kadi za zamani za Radeon. Hata hapo kuna kikwazo: HDMI haishuki chini ya nukta milioni 25 kwa sekunde, na gemu ya aina hii inahitaji kama milioni 7 tu, hivyo kila nukta hurudiwa kwa upana mara kadhaa. (Kwetu, penye TV za mfumo wa PAL za mizunguko 50 kwa sekunde, kuna swali la ziada: gemu ya mizunguko 60 ikishushwa hadi 50 bila kurekebishwa hupungua kasi kwa moja ya sita.)

Wapo watakaosema hakuna picha moja sahihi, maana wengine walitazama kwa waya safi wa SCART na wengine kwa antena yenye chenga. Ni kweli, na hata maporomoko ya maji ya gemu ya Sonic ya 1991, yaliyochorwa kwa mistari ya wima, huonekana angavu kama maji pale tu waya duni unapoyatia ukungu. Lakini TV zote za mfumo mmoja, nzuri na mbovu, zilikuwa na mistari ileile na muda uleule. Ukungu ni suala la ladha. Hoja nzito zaidi ni ya wanaosema skrini bapa za leo huiga mwonekano wa chogo kwa programu. Kwa mwonekano, nakubali, zimefika mbali. Bunduki ya gemu ya Duck Hunt, hata hivyo, haitazami uzuri wa picha: husubiri mwanga utokee ndani ya muda mfupi sana baada ya kubonyezwa, na skrini bapa ya kawaida huuleta umechelewa.