VITU VYA NDANI: TANGU MIZIGO YA WAPAGAZI MPAKA MKOPO WA KOCHI



Kamati ya sherehe iliniomba niandike historia ya kikundi chetu kwa miaka hii 10. Nikawajibu kwamba historia ya hisa na marejesho imo kwenye madaftari ya katibu na mweka hazina, na wao wanaijua kuliko mimi. Mimi elimu yangu ni darasa la saba. Nikaomba niandike juu ya jambo lile lililotaka kutuvunja mwaka wa tatu. Nalo ni makochi.

Mliokuwepo kikao kile najua mnacheka. Siku ile hakuna aliyecheka. Mwenzetu alisimama akaomba mkopo wa laki nne, akaulizwa ni wa biashara gani, akajibu bila kuficha: "Ni wa kochi." Zikawa kelele. Mimi nikiwa mwenyekiti nilimkatalia mbele ya watu. Nilimwambia kochi halikaangi vitumbua, kwa hiyo halirudishi mkopo. Akaniangalia, akasema kwa heshima tu: "Sawa mama mwenyekiti. Ila naomba nikuulize, wewe kwako unakalia nini?" Nikakosa la kusema, maana mimi ninayo makochi.

Haikupita miezi mitatu tukasikia amekwenda kukopa kwingine, ile mikopo ambayo sote tunaiita kausha damu. Jina la waliomkopesha siliandiki. Walikuja kwake wakapiga picha kila kitu kilichomo ndani, mpaka sufuria. Marejesho ni kila wiki. Mtoto akaugua, wiki mbili zikapita, wakaja na guta wakabeba kochi ambalo halijamaliza hata msimu mmoja wa mvua, na televisheni juu yake. Sisi tukasimama nje tunaangalia. Usiku ule sikulala vizuri. Nikawa najiuliza tamaa hii ya kupendezesha nyumba imeanza lini kwetu Tabora, na je, ni tamaa kweli?

Nimeuliza wazee, nimekwenda Kwihara, na watoto wangu wamenisomea vitabu. Nilichokipata ni hiki.

Mji wetu ulikua kuanzia miaka ya 1850, pale wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa pwani walipoweka makao hapa Unyanyembe. Wazungu Burton na Speke walifika Novemba 1857, wakapaita Kazeh. Hapa ndipo njia ya misafara ilipogawanyika, mkono mmoja kwenda Ujiji ziwani, mwingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Kila kitu cha kutoka pwani kilikuja kichwani au begani kwa mtu. Mzigo mmoja ulikuwa kama kilo 30, na safari ya kutoka Bagamoyo ilichukua miezi mitatu, pengine minne na zaidi. Babu zetu Wanyamwezi ndio waliokuwa mabingwa wa kazi hiyo. Na wake zao wengi walikwenda nao, wamejitwika vyungu, mikeka na chakula. Hilo halisemwi sana. Jikoni kwa msafara kulikuwa kichwani kwa mwanamke.

Ndani ya mizigo kulikuwa na nini? Kitambaa cha amerikani, ambacho kilipata jina hilo kwa sababu kilifumwa Marekani, katika viwanda vya Massachusetts. Wamarekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe mwaka 1861 mpaka 1865, kitambaa hicho kikaadimika, vikaingia vya Uingereza na vya India. Kulikuwa na kaniki ya India, shanga za kutoka Venice, na nyaya za shaba. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kununua vitu vya bei nafuu vilivyotengenezwa kiwandani mbali ni mambo ya kisasa. Bibi wa bibi yako alifanya hivyo, akavipanga vizuri pamoja na vya kwake.

Na vya kwake vilikuwepo. Nyumba ya Kinyamwezi ilikuwa na kitanda cha miti na ngozi, vigoda, vibuyu, mikeka, kihenge cha nafaka, na kilindo. Vijana wa leo hawajui kilindo. Ni kasha la duara la gome la mti wa miombo, limeshonwa na kutiwa mfuniko. Hutiwa asali, hutiwa nguo. Doti ya amerikani iliyotembea miguu ya watu tangu Bagamoyo ilihifadhiwa ndani ya gome la mti wa hapa hapa. Mimi naona huo ndio mtindo wa Tabora, na baadaye nitaeleza kwa nini.

Wala mafundi wetu hawakuwa wajinga. Kiti kimoja cha enzi chenye mgongo mrefu, kilichochongwa Unyanyembe, kipo mpaka leo katika makumbusho ya Berlin huko Ujerumani. Sisi tunaokaa hapa inabidi tukione kwenye picha.

Nyumba za Waarabu zilikuwa na fahari nyingine. Stanley alipofika mwaka 1871 alishangaa kukuta mazulia ya Uajemi, matandiko mazito, na vyombo vya chai na kahawa, katikati ya pori la miombo. Ukienda makumbusho ya tembe la Kwihara, ambako Livingstone alikaa mpaka Agosti 1872, unaweza kufikiria nyumba za namna hiyo zilikuwaje. Mimi nilisimama pale uani nikawaza juu ya wanawake. Wengi waliokuwa wakifagia nyumba zile walikuwa watumwa. Aliyetandika zulia, zulia si lake, na siku ya kuhesabu mali yeye mwenyewe alihesabiwa pamoja na zulia. Hili nimelichukua moyoni, nalo ndilo lililonirudisha kwenye kikao chetu.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914. Mizigo ikashuka vichwani. Hapo sasa kilichokuwa hakibebeki kikabebeka: kitanda cha chuma, sanduku la bati, taa ya chemli, kioo. Maduka ya Wahindi yakaenea kufuata reli. Bibi yangu mzaa baba alikuwa na sanduku la bati lenye maua na kufuli yake, na kitanda kile cha kamba tunachokiita teremka tukaze, maana kila baada ya siku chache unateremka mnakaza kamba. Kitanda kilikuwa cha babu. Sanduku lilikuwa lake. Tulijua hivyo kwa sababu funguo aliifunga kwenye ncha ya kanga, na hakuna mtu, hata babu, aliyeifungua ncha ile.

Wenye umri wangu tunakumbuka habari ya maduka ya RTC. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vitu viliadimika. Mwaka 1983 ikawa kampeni ya wahujumu uchumi, bidhaa nyingine zikafukiwa ardhini. Nilikuwa msichana mdogo, natumwa kupanga foleni alfajiri bila kujua kinauzwa nini. Siku moja tulipanga tukapata beseni. Hatukuhitaji beseni lakini tulifurahi. Kuanzia mwaka 1984 serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na Mzee Mwinyi aliposhika nchi mwaka 1985, vitu vikarudi. Nilipoolewa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nyumba iliyopendeza ilikuwa na chupa ya chai ya Kichina yenye maua, viti vya mbao vyenye mito ya sponji, na vitambaa vilivyofumwa kwa mkono juu ya kila mgongo wa kiti. Uzi ulikuwa bei ndogo. Jioni zetu ndizo zilizokuwa nyingi. Hakuna aliyetuita wenye tamaa.

Leo barabara ya lami ya kupitia Nzega inaleta fenicha za Kichina kutoka Kariakoo na Mwanza kwa siku moja au mbili. Maduka makubwa yenye matawi mijini yanauza meza na kabati za aina moja kila mahali, na picha zake zinaingia kwenye simu zetu. Sisemi msinunue. Nasema mjue mnanunua nini. Zile kabati nyingi ni unga wa mbao ulioshindiliwa na kubandikwa karatasi laini ya kufanana na mbao. Kiangazi zinapendeza. Kuanzia Novemba mvua zikianza, kama nyumba inavuja au sakafu ina unyevu, miguu inavimba kama andazi. Na duka likifungwa, bawaba ya kabati lako utaipata wapi? Shoprite waliuza maduka yao ya Tanzania kwa Nakumatt mwaka 2014, na Nakumatt nao hawakudumu.

Na sisi tunaishi kwenye mbao! Mninga na mkurungu vinatoka misitu yetu, Dar es Salaam wanavililia. Kitanda cha mninga mchwa hawakiwezi, mjukuu atakilalia. Ubaya ni kwamba fedha yake haipatikani kwa mara moja. Ndiyo maana nilisema kilindo na amerikani ndio mtindo wa Tabora. Kile kinachobeba uzito, yaani kitanda, fremu ya kochi, meza ya kulia, kitoke kwa seremala wa hapa, hata kama kitachukua mwaka. Kile kinachobadilika na kuchakaa, yaani pazia, taa, zulia, foronya, vyombo, ndicho ununue dukani kwa bei nafuu. Kochi la dukani kabla hujalipa liinue upande mmoja. Likija jepesi kama kapu, ndani kuna vipande vya maboksi na misumari. Kaa katikati, kaa pembeni, bonyeza sponji mpaka chini uone kama inarudi. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Sasa nirudi kwenye kikundi. Baada ya lile guta, tuliitisha kikao maalumu. Wapo waliosema tusimamie katiba, mkopo ni wa biashara tu. Mama mmoja, mkubwa kuliko sote, akasema maneno ambayo sikuyatarajia: "Mume wangu alipofariki, ndugu zake walichukua kitanda nilichokinunua kwa fedha ya vitumbua, kwa sababu sikuwa na karatasi." Kikao kikanyamaza.

Tukamwita msaidizi wa sheria atufundishe. Alitueleza kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke aliyeolewa haki ya kuwa na mali yake mwenyewe. Kifungu cha 60 kinasema mali iliyopatikana kwa jina la mume au la mke itachukuliwa kuwa ni ya huyo mwenye jina, mpaka mwingine athibitishe vinginevyo. Akatueleza pia kesi ya Bi. Hawa Mohamed na Ally Sefu, ambapo Mahakama ya Rufani mwaka 1983 ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Bi. Hawa mwenyewe hakutoka na kitu, maana mahakama ilisema fedha aliyopewa na mumewe ilimtosha na aliitumia vibaya. Lakini sisi wengine tunakula matunda ya kesi yake.

Ndipo tukaandika kanuni ya mkopo wa vitu vya ndani. Mwanachama anaweka nusu, kikundi kinamkopesha nusu. Fedha haipewi mtu mkononi, mweka hazina anakwenda naye kwa fundi au dukani. Risiti inaandikwa jina la mwanachama mwenyewe, si la mume, si la "Mama Fulani". Na nakala inabandikwa kwenye daftari la katibu. Fundi asiye na risiti tunamwandikia, anatia sahihi. Na aliye na mkopo wa kausha damu aulipe kwanza. Waume wawili walilalamika, mmoja akaja mpaka kwangu. Nilimkaribisha, nikampa kiti, nikamwonyesha risiti ya kiti alichokalia. Alikunywa chai akaondoka.

Daftari lile limefanya kazi mara moja, na mara hiyo ilitosha. Mwenzetu mmoja alifiwa, na baada ya arobaini shemeji zake wakaja na gari. Katibu alifika na daftari kabla hawajafungua mlango wa nyuma. Walisoma, wakaulizana, wakapiga simu. Mwishowe waliondoka na baiskeli ya marehemu na redio, vitu ambavyo kweli vilikuwa vya marehemu. Kitanda, kabati na meza vilibaki. Yule mama mkubwa aliyetueleza habari ya kitanda chake alikuwepo, akalia kuliko mfiwa.

Marejesho ya mikopo hii hayatushindi. Nilidhani yatatushinda, nilikosea, na nimelikiri kwenye kikao.

Na yule aliyeniuliza nakalia nini? Alikaa na viti vya plastiki miaka miwili. Kisha akaagiza fremu ya mninga kwa fundi wa Ng'ambo, akaifunika kitambaa cha kawaida cha dukani, rangi ya kahawia, na mito ameishona mwenyewe kwa vitenge. Ni kochi zito, watu wanne wanalibeba kwa shida. Nasema hivyo kwa sababu ndilo mtakaloliona meza kuu siku ya sherehe, wageni wetu wa heshima watalikalia. Ametuazima, na katibu ameliandika: limetoka lini, kwa nani, na litarudi saa ngapi.