Chuo Kikuu cha Kisangani nacho kilikimbia vita

Juma lililopita mama mmoja aliyekimbia vita, anayelala kwa jamaa pamoja na watoto wake, alinisimamisha njiani. "Papa wa redio," akasema, "kijana wangu alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu. Tumekimbia, masomo yakabaki kule. Ile miaka yake imekufa?"

Nilimwambia: "Mama, kaa kidogo nikuelezee. Kuna chuo kikuu kizima kilichokuwa mkimbizi katika inchi hii."

Wakati Kongo inapata uhuru mwaka 1960, vyuo vikuu vilikuwa viwili tu. Lovanium ya Wakatoliki ilikuwa Léopoldville, tunayoita leo Kinshasa, tangu 1954. Kile cha serikali kilikuwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi, tangu 1956. Upande wetu wa mashariki, hakuna. Kijana wa Kivu aliyetaka kusoma zaidi alipaswa kuvuka inchi nzima.

Ndipo makanisa ya Kiprotestanti yakaanzisha chuo kikuu cha tatu mwaka 1963, mjini Stanleyville, yaani Kisangani. Walikiita Chuo Kikuu Huru cha Kongo. Mwaka mmoja haukupita vizuri. Mwanzoni mwa Agosti 1964 waasi wa Simba waliteka mji ule. Wazee wetu wanakumbuka: watu waliuawa, wageni wakashikwa mateka, mpaka tarehe 24 Novemba askari waparashuti wa Ubelgiji waliposhuka kwa ndege za Marekani. Na hata baada ya siku ile, watu waliendelea kufa mjini na vijijini.

Chuo kile kichanga kingeweza kufia hapo. Kilihamia Léopoldville, safari ya zaidi ya kilomita 1,700 ukifuata mto. Na nani alikipokea? Lovanium! Waprotestanti wakafundishia kwenye kilima cha Wakatoliki. Kwa kijana wa leo hilo si jambo kubwa, lakini wazee wanajua. Kwa miaka mingi ya ukoloni, serikali ya Ubelgiji ilitoa msaada wa masomo kwa misioni za Katoliki, na shule za Kiprotestanti zikaachwa pembeni. Pande hizo mbili hazikuwa na kawaida ya kupikia chungu kimoja. Vita iliwaweka kwenye kiwanja kimoja, na masomo yakaendelea. Baadaye chuo kikarudi kwao Kisangani.

Amani haikudumu. Safari hii waliohamishwa hawakukimbia risasi, walikimbizwa na karatasi ya serikali. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Kinshasa waliandamana wakidai maisha bora, jeshi likawafyatulia risasi na wengi wakafa. Miaka miwili baadaye wenzao walitaka kuwakumbuka. Mobutu akafunga Lovanium na kuwaingiza wanafunzi jeshini kwa nguvu. Mwezi wa Agosti 1971 akaunganisha vyuo vyote vitatu kuwa kimoja, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na kugawanya masomo kama mtu anayegawa mashamba: sheria, uchumi na uganga zibaki Kinshasa, lugha na historia ziende Lubumbashi, saikolojia na ualimu ziende Kisangani. Maprofesa wakafunga mizigo, na wanafunzi pia. Ukitaka kusomea ualimu na uko Kinshasa, panda mashua. Mimi naona kusudi lilikuwa kutawanya vichwa vilivyokuwa vikimsumbua. Mpango ule ulidumu miaka kumi. Mwaka 1981 kila chuo kikapata tena uhuru wake, na kile cha Kisangani kikawa UNIKIS tunayoijua.

Sasa sikilizeni hapa, watu wa Bukavu na Goma. Mwaka 1993 UNIKIS ilifungua matawi katika miji yenu miwili. Mzazi wa Kivu akaweza kumsomesha mtoto anayerudi kula nyumbani jioni. Vita ya 1996 ikaja, ya 1998 ikaja. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yakapigana siku sita ndani ya Kisangani kwenyewe, mabomu yakaanguka juu ya nyumba za raia, mamia wakafa. Januari 2002 Nyiragongo ikamwaga moto wake katikati ya Goma. Matawi hayakukauka. Mwaka 2004 yakasimama yenyewe: Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu na Chuo Kikuu cha Goma. Ni watoto wa kile chuo kilichokuwa mkimbizi 1964.

Na mwaka 2025 miji hiyo miwili ilitekwa na M23, Goma mwezi wa kwanza, Bukavu mwezi wa pili. Ndiyo sababu yule mama yuko hapa, na mwanawe amekaa bila kazi, akichaji simu za watu.

Aliponisikiliza mpaka mwisho, mama hakusema neno. Aliingia ndani, akatoa beseni lililofunikwa kitenge. Chini ya unga kulikuwa na mfuko wa plastiki uliofungwa mara tatu. Diploma ya taifa ya kijana, karata yake ya mwanafunzi, pointi za mwaka wa kwanza, risiti zote za minervali.

"Nilibeba hizi kabla ya sufuria," akaniambia. "Sasa nionyeshe mlango wa kubisha."

Kesho yake asubuhi tulikwenda sisi watatu, kijana amebeba mfuko.