Dhahabu Isiyoshikika na Jasho la Kweli



Wapendwa waamini, tafakari ya juma hili inahusu jambo ambalo wazee wetu wataliona kama hekaya, ingawa kwa vijana si geni: kujipatia fedha za kweli kwa kuuza mali zilizomo ndani ya michezo ya kompyuta. Wengi huuliza, je, hiyo nayo ni kazi? Historia yake fupi itatusaidia kujibu.

Mwaka 1999 ulitolewa huko Marekani mchezo uitwao EverQuest. Wachezaji, kila mmoja akiwa nyumbani kwake, walikutana kupitia mtandao katika ulimwengu wa kubuni uitwao Norrath. Humo walipigana na mazimwi na kujikusanyia sarafu, panga na ngao. Vitu hivyo havikupatikana ila kwa saa nyingi za kucheza. Na penye kitu adimu, soko halikawii kuzaliwa. Mwenye fedha asiye na nafasi alimlipa dola mwenye nafasi kupitia mnada wa eBay, kisha wawili hao wakakutana ndani ya mchezo na mali ikakabidhiwa.

Mwaka 2001 mchumi Edward Castronova, aliyefundisha chuo kikuu huko California, alizifuatilia bei za minada hiyo na kupiga hesabu kana kwamba Norrath ni nchi kama nchi nyingine. Alikuta kwamba saa moja ya mchezo ilizalisha mali ya thamani ya dola 3.42 hivi, na kwamba pato la wastani la mkazi wa Norrath liliangukia kati ya lile la Urusi na lile la Bulgaria, likiyapita ya China na India. Hesabu hiyo ilikuwa na jambo zito ndani yake: ikiwa nchi isiyokuwako ina kipato kikubwa kuliko nchi iliyoko, maskini watakwenda kutafuta riziki huko.

Na ndivyo ilivyotokea. Baada ya mchezo wa World of Warcraft kutoka mwaka 2004, zilienea nchini China karakana ambamo vijana waliajiriwa kucheza usiku na mchana. Wakaitwa wakulima wa dhahabu. Mwandishi Julian Dibbell aliwatembelea katika mji wa Nanjing, akaandika habari zao mwaka 2007 katika jarida la New York Times. Walifanya kazi saa 12 kwa zamu, takriban kila siku ya juma. Kwa kila sarafu 100, kijana alilipwa kama dola 1.25, ambayo ni sawa na senti 30 hivi kwa saa. Mwajiri aliziuza kwa dola 3 au zaidi, na mchezaji wa Ulaya au Marekani aliweza kuzilipia hata dola 20. Tena wachezaji wengine waliwatukana na kuwawinda ndani ya mchezo, ilhali wanunuzi walitoka miongoni mwao hao hao.

Ni kweli kwamba kampuni nyingi zilikataza biashara hiyo katika kanuni zake, na Januari 2007 eBay iliacha kupokea mali za michezo mingi. Mkristo asilipuuze hilo: ahadi ni ahadi, hata ukiikubali kwa kubofya kitufe tu.

Hata hivyo tusihukumu haraka. Taarifa iliyotolewa mwaka 2011 chini ya Benki ya Dunia ilikadiria kuwa biashara hii ilifikia dola bilioni 3 mwaka 2009, na sehemu kubwa ilibaki katika nchi zinazoendelea. Taarifa hiyo hiyo ililinganisha na kahawa: katika soko la dunia la zaidi ya dola bilioni 70, nchi zinazozalisha zilipata bilioni 5.5 tu. Mkulima wa Kilimanjaro au Kagera haihitaji kufafanuliwa hesabu hiyo.

Lakini mlango uliofunguka kwa faida hufunguka pia kwa hasara. Wakati wa janga la korona, Wafilipino wengi waliopoteza ajira waliugeukia mchezo wa Axie Infinity, uliobuniwa Vietnam mwaka 2018. Kuanza kulihitaji kununua wanyama watatu wa kidijitali. Asiyeweza aliazima kwa tajiri, wakagawana mapato. Katika mwaka 2021 na 2022 sarafu ya mchezo huo iliporomoka, na Machi 2022 wezi wa mtandaoni waliiba zaidi ya dola milioni 600 katika mfumo wake. Maskini waliokuwa wamekopa ili kununua wanyama hao walibaki na deni.

Basi, je, hiyo ni kazi? Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba kipimo cha kwanza cha hadhi ya kazi si aina ya kazi inayofanywa, bali ni mtu anayeifanya. Dhahabu ya Norrath haikuwako. Kijana wa Nanjing alikuwako, na macho yake yalichoka kweli. Papa Leo XIII, katika Rerum Novarum ya mwaka 1891, alikwisha kuonya kwamba makubaliano peke yake hayaufanyi ujira kuwa wa haki, usipomtosha mfanyakazi kuishi. Naye Mtume Yakobo anatukumbusha kwamba ujira uliozuiliwa humlilia Mungu.

Kwa hiyo, mzazi, mwanao akikuambia kwamba anatafuta riziki katika michezo, usimcheke wala usimfukuze. Keti naye, mwulize maswali matatu: Je, kanuni zinaruhusu? Nani anabaki na sehemu kubwa ya jasho lako? Soko likianguka, hasara itamwangukia nani? Akikosa jibu la swali la tatu, mzuie asikope hata shilingi moja.

Nawatakia Dominika njema. Mungu awabariki.

Paroko wenu