Jina Moja, Maana Mbili: Uteuzi wa Toleo la Kompaila katika Ufungashaji wa Maktaba za Programu, 2000–2015

Makala haya yanachunguza uamuzi ambao kwa nje huonekana mdogo: ni toleo gani la kompaila litumike kujengea maktaba ya programu kabla ya kuifungasha na kuisambaza. Kompaila hutafsiri msimbo ulioandikwa na binadamu kuwa msimbo wa mashine. Katika lugha ya C++, matoleo huweza kutofautiana katika kuunda majina na kupanga data kwenye kumbukumbu. Maktaba na programu inayoitegemea zikitafsiriwa kwa taratibu mbili, hazielewani.

Mnamo Septemba 2000, kampuni ya Marekani ya Red Hat ilitoa Red Hat Linux 7 ikiwa na kompaila iliyoitwa GCC 2.96. Kompaila hiyo ilifuata kanuni za C++ kwa ukaribu zaidi kuliko toleo rasmi la wakati huo, 2.95. Hata hivyo, tarehe 6 Oktoba 2000, Kamati ya Uongozi ya GCC ilitangaza kwamba 2.96 halikuwa toleo rasmi, na kwamba msimbo wake wa C++ usingeafikiana na wa 2.95 wala wa 3.0, lililokuwa likitayarishwa. Ubora wa tafsiri haukutosha kuziba pengo la mawasiliano.

Mwaka 2015, GCC 5 ilikabiliwa na tatizo la aina hiyo hiyo. Kanuni za C++ za mwaka 2011 zilikataza mbinu ya zamani ambapo nakala kadhaa za mfuatano wa herufi zilitumia sehemu moja ya kumbukumbu. Safari hii wasanifu walilipa umbo jipya jina lenye alama ya cxx11, huku wakilihifadhi umbo la zamani. Wafungashaji wa Debian nao walijenga upya maktaba zilizoguswa na kuongeza v5 katika majina ya vifurushi vyake. Mgongano ukawa unabainika mapema, wakati wa kuunganisha au kusakinisha, badala ya kumvizia mtumiaji kazini.

Inabainika, basi, kuwa upya wa toleo si kigezo cha kutosha. Mfungashaji hana budi kuuliza kwanza ni akina nani watakaoitegemea maktaba yake na wanatumia utaratibu upi. Pale maana inapobadilika, jina nalo libadilike, kama wanaistilahi wanavyosisitiza katika uwanja wao.