Uhandisi wa vifaa tiba: mafunzo kwa vitendo, Tanga na pwani ya kaskazini

Mafunzo kwa vitendo ya uhandisi wa vifaa tiba ni yale yanayompeleka mwanafunzi karakana na wodini, akafungua mashine iliyogoma, akasaka chanzo cha hitilafu na kuandika alichokikuta. Kijana wa Muheza au Pangani anayeitaka fani hii kwa kawaida huifuata mbali na kwao: stashahada Chuo cha Ufundi Arusha au Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), shahada Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Fani jirani ya viungo bandia hufundishwa TATCOT, chuo kilichoanzishwa mwaka 1981 katika eneo la Hospitali ya KCMC, Moshi. Huko mwanafunzi huchukua umbo la kigutu kwa plasta na kuunda mguu ambao mgonjwa ataujaribu mbele yake.

Pwani ina masomo yake. Hewa ya Tanga ina chumvi na unyevunyevu. Chumvi hula viungio vya nyaya, unyevu huingia ndani ya mashine. Mfano mzuri ni mashine ya oksijeni, ambayo mafundi huiita konsentreta. Kompresa huvuta hewa ya kawaida na kuisukuma katika mitungi miwili yenye chembe za zeolaiti. Mtungi mmoja ukinasa naitrojeni, wa pili unaitema, kisha hupokezana. Kinachobaki ni oksijeni ya asilimia 90 na zaidi. Zeolaiti ikilowa hupoteza nguvu ya kunasa. Kichujio kikiziba kwa vumbi, kompresa huchemka. Ubaya ni kwamba mashine huendelea kunguruma na hewa hutoka kama kawaida, huku mtoto mwenye nimonia akipata oksijeni pungufu. Shirika la Afya Duniani linataka isishuke chini ya asilimia 82, na hilo halijulikani bila kipimo. Hakuna mhadhara unaolifundisha jambo hili vizuri kama kushika kipimo chenyewe kando ya kitanda.

Kwamba wanafunzi wanaweza kuzalisha utafiti wa maana kutokana na kazi ya bisibisi, ushahidi upo. Mwaka 2010 mtafiti Robert Malkin na mwenzake walichapisha uchambuzi wa maombi 2,849 ya matengenezo kutoka hospitali 60 zenye uhaba wa rasilimali katika nchi 11. Kila kifaa kilikaguliwa na mhandisi au mwanafunzi wa uhandisi, kwa kutumia vitu vinavyopatikana papo hapo tu. Vifaa 1,821, yaani asilimia 72 ya vilivyokuwa vimekufa, vilirudi kazini bila spea kutoka nje. Robo ya matengenezo yaliyoandikwa vizuri ilihusu kufunga kifaa ipasavyo au kumfundisha mtumiaji. Mabomba na mipira yake yalichukua asilimia 19, umeme asilimia 18. Matokeo hayo yalitikisa dhana iliyozoeleka kwamba vifaa hufa kwa kukosa spea na wataalamu wa juu.

Malkin ni mmoja wa waasisi wa Engineering World Health, shirika lililoanzishwa mwaka 2001, ambalo limewaleta wanafunzi wa ng'ambo Arusha kujifunza Kiswahili kabla ya kuwapeleka hospitalini kutengeneza vifaa. Mpango huo umewafaa wengi. Hata hivyo mwanafunzi wa hapa ana nafasi kubwa zaidi: anaelewana na muuguzi tangu siku ya kwanza, na anaweza kurudi mwaka unaofuata kuona kama alichokitengeneza bado kinafanya kazi.

Nafasi hiyo inastahili kutumiwa katika mradi wa mwaka wa mwisho. Hospitali ya Bombo mjini Tanga, Hospitali Teule ya Muheza na Hospitali ya Magunga ya Korogwe ziko katika mkoa mmoja, kutoka ufukweni hadi bara, na tofauti ya hewa baina yao inapimika. Mwanafunzi mwenye kipima unyevu, kipimo cha oksijeni na kifaa cha kurekodi volti za soketi ya wodi kwa miezi kadhaa, kiangazi na masika, angepata takwimu za kumsaidia mganga mkuu kuamua ni kila baada ya muda gani vichujio visafishwe, na ni wodi ipi ipewe stebilaiza kwanza.