Kiu Katikati ya Barafu

Hivi umewahi kujiuliza ng'ombe anakunywa nini siku ambayo mto mzima umegeuka jiwe? Sisi huku tunajua kiu ya jua. Mabwawa yakikauka, mifugo ikikonda, tunatazama mbingu. Kumbe ziko nchi ambako mnyama hufa kwa kiu huku amesimama juu ya maji.

Nilikuwa nasoma habari za Mongolia nikitafuta mandhari ya riwaya, riwaya ambayo mpaka leo haijafika sura ya tatu, nikakutana na neno "zud". Ni jina la balaa la majira ya baridi linaloangamiza mifugo. Wamongolia wameliishi muda mrefu kiasi cha kulipa rangi. Zud nyeupe ni theluji kuwa nyingi mno, nyasi zikazikwa. Zud ya chuma ni theluji kuyeyuka kidogo kisha ikaganda upya, malisho yakafungiwa chini ya kioo. Halafu iko zud nyeusi: theluji haikuanguka kabisa.

Hapo nikasimama. Theluji isipoanguka, si ndiyo nafuu? Wapi bwana! Nchi ile ni kavu, na Januari usiku baridi hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, wakati mwingine zaidi. Vijito vinaganda mpaka chini. Theluji ndiyo maji yenyewe. Kondoo na mbuzi huila pamoja na majani, farasi huiparua kwa kwato. Isipokuja, nyasi zipo mbele ya macho na hakuna wa kuzila, maana mnyama mwenye kiu hawezi kula vizuri.

Tena theluji yenyewe si maji ya bure. Joto linalohitajika kuyeyusha kilo moja ya barafu lingeweza kupasha kilo hiyo hiyo ya maji kutoka nyuzi 0 hadi karibu nyuzi 80. Joto hilo mnyama analitoa wapi kama si kwenye mafuta ya mwili wake? Ng'ombe aliyenona atavumilia. Aliyekonda kwa ukame wa kiangazi anajimaliza mwenyewe, funda kwa funda.

Ndiyo maana kisima kina thamani kubwa kule. Maji ya chini ya ardhi hayagandi. Yakichotwa alfajiri yanafuka mvuke kama chai. Lakini yakishamwagwa kwenye hori, mfugaji anashindana na dakika. Unachota kiasi cha kunywewa sasa hivi, basi. Yanayomwagika pembeni yanakuwa barafu, kesho inapanda barafu nyingine juu yake, na usipoivunja kwa mtaimbo mnyama atateleza avunjike mguu. Penye mto mnene hutobolewa shimo kwenye barafu, na kesho yake shimo limeziba, unaanza upya. Kazi hiyo hufanywa kila siku kwa miezi kadhaa. Si mchezo.

Sasa tuingie kwenye historia, kwa sababu magazeti ya nje huandika kwamba "baridi imeua mifugo" na kuishia hapo. Mimi nadhani hiyo ni nusu ya habari.

Serikali ya kikomunisti ilijaribu kuwaswaga wafugaji katika ushirika mwanzoni mwa miaka ya 1930. Watu wakaasi, wengine wakachinja wanyama wao, na mpango ukaachwa. Ukarudi miaka ya 1950, na kufikia mwisho wa muongo huo karibu wafugaji wote walikuwa ndani ya vyama vilivyoitwa negdel. Sitaki kuusifia utawala ule. Uliua watawa wa Kibuddha kwa maelfu mwishoni mwa miaka ya 1930. Ila kwa upande wa maji ulifanya kazi: visima virefu vilichimbwa, vikafungwa pampu za mota, na kulikuwa na watu wa kulipwa wa kuviangalia. Pampu ikizimika, lilikuwa jambo la chama zima.

Mwaka 1990 vijana waliandamana Ulaanbaatar na mfumo wa chama kimoja ukaanguka bila umwagaji damu. Miaka michache baadaye negdel zilikuwa zimevunjwa na mifugo kugawiwa watu. Katiba ya 1992 iliacha malisho yakiwa mali ya umma. Sasa nakuuliza, kisima ni cha nani? Mbuzi ni wangu, nyasi ni zetu sote, pampu je? Dizeli inanunuliwa na nani? Mota zikafa, vyuma vingine vikang'olewa vikauzwa kama chakavu. Wakati huohuo viwanda vilifungwa, watu wa mjini wakakimbilia kuchunga, na kaya za wafugaji zikaongezeka zaidi ya mara mbili kati ya 1990 na 1999. Wanyama wengi, wachungaji wageni, visima vimekufa.

Kisha ikaja zud, miaka mitatu mfululizo kuanzia baridi ya 1999. Mwishoni mwa 1999 nchi ilikuwa na mifugo kama milioni 33 na nusu. Mwishoni mwa 2002 haikufika milioni 24. Wengi waliopoteza kila kitu walihamia pembezoni mwa Ulaanbaatar na mahema yao ya sufi. Huko wananunua maji kwenye vioski na kuyasukuma kwa mikokoteni, madumu yakigongana, kitu ambacho wewe msomaji huhitaji kuelezwa.

Visima vingi vimefufuliwa tangu hapo, na zud haikukoma: 2009–2010 iliua mamilioni, na ile ya 2023–2024 iliua zaidi ya milioni 7. Wala kuchimba si dawa ya kila kitu. Yako malisho ambayo wafugaji huyaacha bila kisima makusudi. Kiangazi hakuna anayeweza kukaa pale, hivyo nyasi husimama salama hadi theluji ya kwanza iwaletee wanyama kinywaji. Chimba kisima hapo, na kufikia Oktoba nyasi zimekwisha. Kwa hiyo mwenye mbuzi 1000 anaomba pampu, jirani yake mwenye 100 anaikataa katakata, na wote wawili wanaogopa baridi ileile.