Mtoto Aliyeogopa Sungura: Safari ya Tiba ya Wasiwasi

Wadau, kuna neno tunalipenda sana: "jikaze". Mtu anakwambia moyo unamwenda mbio, usiku halali, akiingia kwenye watu wengi anatetemeka, na jibu letu ni hilohilo. Leo turudi nyuma kidogo tuone wataalamu walijifunza nini kuhusu hofu.

Tuanzie New York, miaka ya 1920. Kuna mtoto wa kiume, hajafika hata miaka 3, anaogopa sungura. Siyo sungura tu: panya mweupe, koti la manyoya, unyoya, hata pamba! Mwanasaikolojia mmoja mwanamke hakumkaripia wala hakumlazimisha. Alimweka pamoja na watoto wasioogopa, akawa anawaona wakicheza na sungura. Mtoto akaanza kupata nafuu. Mara akaugua, akalazwa karibu miezi 2. Wakati wa kurudi, jibwa likamrukia. Hofu yote ikarudi.

Hapo wengi wetu tungekata tamaa. Yule mama akabadili mbinu. Mtoto akiwa anakula chakula anachokipenda, sungura analetwa ndani ya tundu, kwa mbali. Siku nyingine anasogezwa kidogo. Mwishowe mtoto akamwachia sungura amtafune-tafune vidole! Ripoti ilitoka mwaka 1924.

Siri yake ni hii: ukikwepa unachokiogopa, unapata nafuu ya muda mfupi, lakini akili inajifunza kwamba kweli pale pana hatari. Kesho utakwepa zaidi. Ukikisogelea taratibu, huku umetulia, akili inajifunza upya.

Sasa njoo Afrika Kusini. Daktari mmoja aliyetibu wanajeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili aliona dawa walizokuwa wakiwapa ili wafunguke na kusimulia mambo ya vitani haziwasaidii kwa muda mrefu. Baadaye akafanya majaribio kwa paka waliotiwa hofu, akiwalisha hatua kwa hatua karibu na mahali walipopaogopa. Wakapona. Kwa binadamu akaweka mazoezi ya kulegeza mwili, pamoja na orodha ya hofu, kuanzia ndogo hadi kubwa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1958.

Miaka ya 1960, daktari mwingine huko Philadelphia akaongeza kipande kilichokosekana: mawazo. Bosi kakuita, kichwani tayari umeshafukuzwa kazi! Mgonjwa anafundishwa kulihoji wazo hilo: ushahidi uko wapi?

Na msidhani ni mambo ya Wazungu tu. Mwaka 2006, mtaani Mbare, Harare, mabibi 14 walianza kukaa kwenye benchi na kusikiliza watu. Hawakutumia maneno ya kitabuni. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Bibi anakusikiliza, mnachagua tatizo moja, mnatafuta hatua moja ya kuanzia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliokaa kwenye benchi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Kwa hiyo mtu akikwambia ana wasiwasi, usimsukumie sungura mapajani. Kaa naye, muulize hatua ndogo ni ipi. Na kama usingizi na kazi vimeshavurugika, msindikize kwa mtaalamu.

Je, wewe uliwahi kuambiwa "jikaze"? Ilikusaidia? Tuambie hapo chini.